Washauri Wangu Wote Walisema Ndiyo

Wino wa bluu haukutoka upesi kwenye dole gumba la mama. Aliusugua kwa pindo la kanga, akatia mate kidogo, akasugua tena, huku akiniuliza bila kunitazama: "Mjomba wako anajua?"

"Nitamwambia, mama," nikasema.

Ilikuwa Agosti 2018, kijijini kwetu, kati ya Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Karatasi aliyoiwekea dole ilisema mikorosho yake 60 ni dhamana ya mkopo wangu wa shilingi 6,000,000, kwa riba ya asilimia 15 kila mwezi. Mjomba sikumwambia.

Kwa asiye wa huku, nieleze. Sisi Wamakua, kama walivyo Wamakonde na Wayao, ukoo tunaufuata kwa mama. Shamba la mama si la mama peke yake, ni la ukoo wake, na kaka yake ndiye anayeulizwa kabla mtu hajaligusa. Kwa hiyo mama aliponiuliza lile swali alikuwa anauliza kama jambo hili lina miguu. Nilimwelewa vizuri sana, nikampita.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka, korosho zinapoanza kutoa maua, nawaona vijana wa kanisani kwetu wakijiandaa kufanya nilichofanya mimi, tena wakiwa na mstari uleule mdomoni niliokuwa nao mimi.

Mstari wenyewe ni Mithali 11:14: "Pasipo mashauri taifa huanguka, bali kwa wingi wa washauri huja wokovu." Niliuandika kwa kalamu nyekundu ukurasa wa kwanza wa daftari langu la biashara. Nilikuwa katibu wa kwaya, mtu wa Biblia, na niliamini kabisa kwamba naufuata.

Mwaka uliotangulia, msimu wa 2017, bei ya korosho mnadani ilikuwa imegusa shilingi 4,000 kwa kilo. Watu waliezeka, walioa, walinunua pikipiki. Rafiki yangu mmoja alinunua bajaji, na haikuwa kwa korosho za shamba lake. Alifanya kangomba. Unawafuata wakulima miezi ambayo ndani hakuna unga, unanunua korosho zao kwa bei ya shida, nyingine zikiwa bado juu ya mti, halafu msimu ukifika unazipeleka ghalani, zinakosubiri mnada, kwa majina ya wenye mashamba. Sheria inakataza. Kila mtu anajua inakataza, na kila kijiji kina wanaoifanya.

Nikaanza kutafuta ushauri. Wa kwanza alikuwa huyo rafiki mwenye bajaji. Akasema, "Ndugu yangu, umechelewa mwaka mzima." Wa pili alikuwa dalali wa kijijini, ambaye angepata shilingi 50 kwa kila kilo nitakayonunua. Akasema nisisubiri. Wa tatu alikuwa mwenzangu wa kwaya aliyetaka kuingia naye mwakani akiona yangu imekwenda. Wa nne alikuwa mhubiri mgeni aliyepita Masasi kwa mkutano wa siku tatu. Nilimfuata baada ya ibada, nikamwambia nataka kuanza biashara ya mazao, aniombee. Aliniwekea mkono kichwani, akaomba kwa bidii, akasema, "Songa mbele, Mungu yu pamoja nawe."

Wanne, na wote wamesema ndiyo. Kwangu huo ulikuwa wingi wa washauri.

Sasa niseme nisiowauliza. Mke wangu nilimwambia mkopo ni milioni mbili. Na mjomba, hili ndilo linaloniuma, nilikwenda kwake mwezi Julai. Nilikaa kwake kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri. Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu. Tukazungumza salfa, ile dawa ya mikorosho, ilivyopanda bei, mtoto wa dada aliyefaulu, nguruwe walioharibu mihogo. Mara mbili aliniuliza, "Na wewe, mpwa wangu, una mipango gani?" Mara mbili nikasema, "Tunamshukuru Mungu, mjomba." Nilijua atakachosema, na nisingependa kukisikia.

Nimejifunza kitu hapo ambacho nakitumia mpaka leo: yule ambaye moyo wako unakwepa kupita nyumbani kwake, huyo nenda kwake kwanza. Moyo umeshajua ana nini.

Tulinunua kuanzia Agosti mwishoni mpaka Oktoba, kilo moja shilingi 1,500. Mizani aliileta rafiki yangu, ile ya kuning'iniza. Sikuuliza kitu kuhusu mizani hiyo. Siku moja alikuja bibi mmoja na ndoo ya korosho kichwani. Alikuwa amepitia dukani kuzipima, na mwenye duka alimwambia ni kilo 12. Kwenye mizani yetu mshale ukasimama kwenye 10. Bibi aliutazama mshale, akanitazama mimi. Akapokea shilingi 15,000, akaifunga kwenye fundo la kanga, akaondoka. Hakusema neno. Ningependa angenitukana.

Ile 6,000,000 ikaisha yote kwenye korosho. Shilingi 700,000 za akiba, tulizokuwa tunaweka mimi na mke wangu kwa ajili ya bati za chumba cha nyuma, zikaishia kwenye magunia, boda boda na malipo ya dalali. Magunia 60 nikayapanga humo humo kwenye chumba cha nyuma, chini ya paa la nyasi.

Mwishoni mwa Oktoba wakulima waligoma kuuza, kwa sababu bei za mnadani zilikuwa chini mno. Ukimya ukaingia, na riba yangu haikunyamaza: 900,000 kila mwezi. Kisha Jumatatu tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi litazisomba. Nilikuwa na redio sikioni. Nikashika kalamu, nikazidisha, ikaja 15,840,000. Nikapiga magoti palepale juu ya magunia nikamshukuru Mungu kwa machozi.

Siku chache baadaye ikafahamika kwamba kabla ya kulipwa kutakuwa na uhakiki. Watu watapita mashambani kuangalia kama kilo ulizopeleka zinalingana na mikorosho uliyo nayo. Majirani watatu walioahidi kunipa majina yao walikuja usiku, mmoja mmoja. Wa mwisho alisimama mlangoni, akakataa hata kiti. "Kaka, mimi nina miti ishirini. Nitawaambia nini wanajeshi?" Sikuwa na la kumjibu. Rafiki yangu wa bajaji hakupokea simu tena. Dalali alikuwa ameshachukua chake.

Desemba mvua zikaanza. Anayezijua korosho anajua ile harufu, unafungua gunia na mkono unakutana na joto na unyevu. Paa ambalo tungeliezeka kwa zile 700,000 lilivuja juu ya magunia yaliyonunuliwa kwa zile 700,000. Katikati ya Januari nikauza usiku, kwa mtu ambaye mpaka leo simjui jina, kilo 3,900 zilizokuwa bado nzima, shilingi 1,000 kila kilo. Zilizobaki tulizifukia. Deni lilikuwa limefika 10,500,000. Nikalipa 3,900,000, na mkopeshaji akaja na ile karatasi yenye dole la mama.

Mama hakunilaumu. Alikwenda kwa jirani kuomba simu, akampigia kaka yake.

Mjomba alifika kesho yake mchana, vumbi la barabara likiwa kwenye nyusi. Hakupandisha sauti. Aliomba maji, akanywa, akasema, "Lete daftari." Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya kila mstari, kama nusu saa hivi. Sisi tumekaa. Kisha akauliza:

"Magunia yalikuwa mangapi?"

"Sitini, mjomba."

"Kila moja kilo ngapi?"

"Themanini."

"Hiyo ni 4,800. Humu umelipia 4,000. Mia nane zimetoka wapi?"

Hakuna hata mmoja wa washauri wangu wanne aliyewahi kuniuliza swali. Nimelifikiria sana jambo hilo. Walinipa majibu tu. Mjomba alianza na maswali, na swali la tatu likafika mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sijakubali kufika. Nikasema kuhusu mizani. Mke wangu akainuka akatoka nje, na mjomba akafunga daftari.

Jioni ile tulikwenda kwa mzee katekista, mtu aliyenifundisha kipaimara. Nilitegemea ataniombea tu. Badala yake akanipa Biblia yake, akasema nifungue Mithali 11. Nikafungua, nikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa 14. "Hapana, mwanangu," akasema. "Anza juu." Mstari wa kwanza wa sura hiyo unasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Nikaishiwa sauti. Akanisubiri. Kisha akaniambia niruke mpaka unaofuata ule wangu mwekundu. Mstari wa 15 unasema anayemdhamini mgeni ataumia. Mizani iko juu ya ukurasa, dhamana iko chini, na mimi miaka yote nimesoma mstari mmoja wa katikati.

Sisemi hivi kuwafundisha watu Biblia, mimi si padri. Lakini kama unataka kufuata mafundisho ya Biblia juu ya kushauriana, isome yenyewe inavyoonyesha kushauriana kunavyoharibika. Mzee alinisomea habari za Ahabu, mfalme wa Israeli, 1 Wafalme 22. Ahabu hakukosa washauri. Alikuwa na manabii wapatao 400, wote wakamwambia apande kwenda vitani Ramoth-gileadi. Yehoshafati, mfalme wa Yuda aliyekuwa naye, akauliza kama hakuna mwingine tena. Ahabu akasema yupo mmoja, Mikaya, lakini anamchukia, kwa kuwa hamtabirii mema. Hata mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya alimsihi njiani maneno yake yafanane na ya wenzake. Ahabu akaenda vitani, na hakurudi hai. Wingi ulikuwapo. Ila mwenyewe alikuwa ameuchuja.

Mfalme Rehoboamu naye, mwana wa Sulemani, sura ya 12 ya kitabu kilekile, aliwauliza wazee waliosimama mbele ya baba yake, akaacha shauri lao, akawafuata vijana waliokua pamoja naye. Nilipofika hapo niliwaona mwenye bajaji na mwenzangu wa kwaya waziwazi.

Na yule mhubiri mgeni? Simlaumu, na naomba msomaji asimlaumu. Nilimpa robo ya habari akaniombea kwa robo hiyo. Hata nabii Nathani, Daudi alipomweleza kuhusu kujenga nyumba ya Mungu, alimwambia fanya yote yaliyo moyoni mwako, na usiku uleule Mungu akamrudisha kwenda kusema tofauti. Kama nabii wa kweli anaweza kujibu haraka mbele ya jambo jema, mgeni aliyeambiwa "biashara ya mazao" angejuaje? Aliyeficha ni mimi. Kwa hiyo nasema: ukienda kuomba ushauri, nenda na karatasi. Mkopo kiasi gani, riba ngapi, dhamana ni ya nani, ikiharibika nani atalia. Ukiona kuna namba unaona haya kuitaja mbele ya mzee, shida ya jambo lako iko kwenye namba hiyo.

Mshauri niliyempenda kuliko wote katika Maandiko ni Yethro, mkwewe Musa, Kutoka 18. Alifika akatazama kwanza Musa anavyowaamua watu toka asubuhi hata jioni. Akauliza anafanya nini na kwa nini. Ndipo akasema jambo hili si jema, utachoka wewe na watu hawa pia. Akatoa njia nyingine, akaongeza kwamba Musa afanye hivyo ikiwa Mungu ameagiza. Mwisho wa sura akaenda zake nchini kwake. Hakuondoka na asilimia yoyote. Dalali wangu alikuwa na shilingi 50 kwa kila kilo ndani ya ushauri wake, na mimi nilijua hivyo nilipokuwa nakaa chini kumsikiliza.

Narudi kwenye jioni ile. Baada ya kusoma nilimuuliza mzee katekista nifanye nini na mkopeshaji. Akasema, "Huyo tutakwenda kumwona kesho. Lakini deni lako la kwanza si lake." Akagonga daftari kwa kidole. "Hawa walioandikwa humu. Hizo kilo 800 ni zao."

Sikuwa nimeuliza hilo. Nilikasirika, nakiri. Nina deni la mamilioni, mama yangu anapoteza mikorosho, na mzee ananiongezea deni jingine. Nililala na hasira hiyo siku mbili. Leo naona ushauri wenye hekima mara nyingi hujibu swali ambalo hukuliuliza, na mtu akiutupa kwa sababu hiyo atakuwa ameutupa wote.

Mjomba na mzee walikwenda nami kwa mkopeshaji. Peke yangu nilikuwa nimeshakwenda mara tatu nikafukuzwa. Mbele ya wazee wawili alitoa viti. Walikaa naye toka asubuhi mpaka adhuhuri. Akakubali riba isimame. Niliuza pikipiki na vitu vya kigenge changu, nikampa 2,000,000, na kwa deni lililobaki akachukua mavuno ya mikorosho 60 kwa misimu mitatu. Makubaliano tuliyaandika, tukasaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kila upande nakala yake. Usikopeshane bila hilo, hata na ndugu. Ile karatasi ya kwanza mkopeshaji alikuwa nayo peke yake, mama hakubakiwa hata na kipande.

Misimu mitatu mama alipita kando ya shamba lake na kuwaona vijana wa watu wakiokota chini ya miti aliyoipanda yeye na bibi yangu. Mabibo, yale matunda yanayobaki korosho zikitolewa, walimruhusu kuchukua. Alikuwa anayaleta nyumbani kwenye ndoo, hasemi kitu.

Na mke wangu. Alikaa kwao miezi minne. Nilipokwenda kumfuata nikiwa na mjomba, alisema mbele ya wazazi wake: "Fedha huisha na huja. Lakini dalali ulimuuliza, mimi hukuniuliza." Sikuwa na utetezi. Nilikuwa nimezoea kudhani kumshirikisha mke ni kumpa taarifa jambo likiwa limekwisha. Yeye alijua paa litavuja. Alikuwa anaweka sufuria chini ya tundu lile tangu masika iliyopita. Mtu mwenye habari muhimu kuliko wote alikuwa amelala pembeni yangu.

Daftari lina watu 47. Hesabu ya kilo 800 kwa 1,500 ni 1,200,000. Nilianza kurudisha mwaka 2020, kidogo kidogo, kutokana na vibarua na bustani ya mchicha. Bibi wa kilo 12 nilimwendea wa kwanza. Nilimpelekea shilingi 12,000 badala ya 3,000, kwa sababu ya Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, aliyesema atarudisha mara nne. Kwa wengine wote sikuweza mara nne, nimerudisha kile nilichochukua na kuomba radhi. Bibi alizihesabu. Akanirudishia 9,000. "Zangu ni elfu tatu," akasema. "Nilijua siku ile." Mpaka sasa nimewafikia 38. Wanne walikuwa wamefariki, nimewapa watoto wao.

Mwaka 2021, baada ya mavuno ya tatu, mikorosho ikarudi kwa mama. Mjomba alikuja, akazunguka shamba zima, mti kwa mti, akikata kwa panga matawi makavu. Mimi nilibeba matawi.

Sasa hivi nina jambo jingine moyoni. Nataka kununua mashine ndogo ya kubangulia, nibangue korosho za hapa kijijini, niuze zilizotolewa maganda Masasi mjini na Mtwara. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mjomba, safari hii na mke wangu, na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza una namba tu. Tulikaa barazani. Mjomba amezeeka, siku hizi mke wangu ndiye anayemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali matatu. Korosho ghafi utazipata wapi kihalali, na kwa kibali cha nani? Umeme ukikatika siku nne, wafanyakazi utawalipa nini? Na hao tisa waliobaki kwenye daftari la zamani, je?

La kwanza nimekwenda kuuliza ofisi ya kata na chama chetu cha msingi cha ushirika, nimepata majibu yake na nimeyaandika. La pili mke wangu amelipigia hesabu. La tatu bado. Jumamosi ninakwenda upande wa Nagaga, nimesikia wawili wao walihamia huko. Mashine itasubiri.